Vyeti vyangu ni halali, lakini barua ya uzoefu si ya kweli: nitafungwa?

“Assalaam alaykum wakili. Mimi ni mzaliwa wa Amu, yaani Lamu, nimeolewa Malindi, na ni muuguzi wa stashahada katika kituo cha afya cha kaunti. Cheti cha KCSE, yaani cha kumaliza sekondari, na cha chuo ni vyangu mwenyewe, na leseni ya uuguzi niliipata kwa kufanya mtihani. Lakini nilipoomba kazi hii mwaka 2021, tangazo lilitaka uzoefu wa miaka miwili, nami nilikuwa na miezi minane tu katika kliniki moja ya mtu binafsi. Mwenye kliniki alinionea huruma, akaniandikia barua ya miaka miwili na kuipiga mhuri. Fomu iliuliza pia kama nimewahi kupatikana na hatia mahakamani. Nikaandika la, ingawa mwaka 2020 nilishikwa nje saa za kafyu, nikapelekwa kortini, nikakubali kosa na kulipa faini. Cheti cha tabia njema kilitoka safi. Sasa tumeambiwa kila mmoja alete upya vyeti na barua zake zote zihakikiwe. Shemeji ananisukuma nirudi kwa mwenye kliniki, aniingize kwenye daftari la mahudhurio la miaka hiyo. Mama ananipigia simu kila usiku, anataka nijiuzulu nirudi nyumbani. Je, nitafungwa? Nitadaiwa mishahara yote niliyokula? Leseni yangu itafutwa?”

Waalaykumu salaam, dada yangu. Kabla sijaingia kwenye sheria, nina ombi moja la haraka, kwa kuwa tarehe ya kupeleka karatasi inakaribia: usiliguse lile daftari. Usimpigie mwenye kliniki kupanga naye maneno, usimtumie ujumbe, na usimwachie shemeji aende kwa niaba yako. Sababu utaiona mbele.

Hofu yako imeunganisha mambo matatu yaliyo mbali mbali. Kuna mwajiri wako, yaani kaunti na bodi yake ya utumishi wa umma, ambaye anaweza kukuachisha kazi. Kuna Baraza la Wauguzi, ambalo kazi yake ni sajili na leseni. Na kuna serikali yenyewe, kwa mkono wa polisi wa upelelezi au wa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, EACC, inayoweza kushtaki au kudai fedha. Kila mmoja ana sheria yake na kiwango chake cha ushahidi. Mtu anaweza kufukuzwa kazi asishtakiwe kamwe, na mwingine akashinda kesi ya jinai na bado akakosa kazi. Kwa hiyo maswali yako matatu yana majibu matatu.

Tuanze na jela, kwa kuwa ndiyo inayokunyima usingizi. Watu wengi hapa pwani huita kila karatasi yenye uongo “ya kughushi”. Kanuni ya Adhabu ya Kenya haisemi hivyo. Kughushi ni kutengeneza hati ya uongo kwa nia ya kulaghai au kudanganya, na hati ya uongo ni ile inayojifanya kuwa kitu isichokuwa: cheti cha chuo ambacho chuo hakikukitoa, alama ya D iliyogeuzwa B, sahihi ya daktari iliyotiwa na mtu mwingine. Adhabu ya jumla ni kifungo cha hadi miaka 3, chini ya kifungu cha 349. Anayeiwasilisha hati hiyo akijua ilivyo huadhibiwa sawasawa na aliyeitengeneza, kwa kifungu cha 353. Ndiyo maana kumwambia hakimu “si mimi niliyeichapa, nilinunua tu” hakumsaidii mtu.

Barua yako iko mahali pengine kidogo. Imeandikwa na mwenye kliniki wa kweli, kwa sahihi yake na mhuri wake. Barua yenyewe ni ya kweli kwa maana ya nani aliyeitoa. Uongo umo ndani yake. Wakili mzuri ataishikilia tofauti hiyo kwa nguvu zote, na ana haki ya kufanya hivyo. Lakini usilale ukidhani umepona. Kifungu cha 129 kinamhusu anayempa mtumishi wa umma habari anazojua ni za uongo ili mtumishi huyo atende jambo ambalo asingelitenda kama angeujua ukweli, na adhabu yake inaweza kufika miaka 3. Kujipatia kitu kwa udanganyifu ni kosa lingine. Na mwenye kliniki aliyekuonea huruma hawezi kujiweka kando, maana anayesaidia kosa litendeke huhesabiwa pamoja na mtendaji. Huruma yake ilikuwa ya kweli, sina shaka. Amekuwa shahidi ambaye usalama wake umefungamana na wako, na mtu wa namna hiyo akibanwa hujiokoa kwanza.

Sasa lile daftari. Leo hii kilichopo ni sentensi ya uongo ndani ya barua. Siku jina lako litakapoingizwa kwenye mahudhurio ya 2019 au 2020 kwa kalamu ya mwaka huu, patakuwa na hati ya kughushi hasa, tena iliyotengenezwa baada ya uhakiki kutangazwa. Hapo nia haihitaji kubuniwa na mwendesha mashtaka, tarehe zinajieleza. Patakuwa na watu watatu waliokubaliana, kwa hiyo mlango wa shtaka la kula njama uko wazi. Na kama EACC imeshaanza uchunguzi, kubadilisha kumbukumbu ili kuwapotosha ni kosa peke yake chini ya Sheria ya Kupambana na Ufisadi na Uhalifu wa Kiuchumi ya mwaka 2003. Mambo haya hugundulika kwa njia rahisi mno: makato ya NSSF na ya bima ya afya hayapo kwa miezi hiyo, mshahara haukuingia benki wala kwenye simu, na wauguzi wenzako wa zamu wanakumbuka ulianza lini. Shemeji anakupenda, lakini anakupeleka kubaya.

Nije kwenye ile “la” ya kafyu. Umeandika kama mtu anayetafuta uthibitisho kwamba faini si hatia, na wengi huamini hivyo. Ukweli ni kwamba ulisomewa shtaka, ukakubali, mahakama ikakutia hatiani, kisha ikachagua faini iwe adhabu. Kafyu ya corona ilianza tarehe 27 Machi 2020, na walioshikwa walikuwa wengi: wavuvi waliochelewa kurudi, wahudumu wa hoteli, watu waliokosa matatu. Hakuna bodi ya ajira yenye busara ambayo ingemnyima muuguzi kazi kwa ajili hiyo. Hilo linaniuma ninaposoma barua yako, kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa jepesi, na kulificha ndiko kulikolitia uzito. Cheti cha tabia njema kutoka safi hakubadilishi jibu. Kile huonyesha kumbukumbu za alama za vidole zilizofika kwa idara ya upelelezi, na makosa madogo mengi hayafiki huko. Swali la fomu lilikuuliza wewe unachokijua, halikuuliza polisi wameandika nini.

Hata hivyo mahakama hutazama uzito wa uongo na kama ndio uliokupa kazi. Jibu la kafyu, likiwa peke yake, ningeliona kama jambo linaloelezeka: ulishauriwa vibaya, ulidhani faini haihesabiki, unasahihisha. Barua ya uzoefu ni nzito zaidi, kwa kuwa miaka miwili ilikuwa sharti lililotajwa kwenye tangazo. Bila barua ile huenda usingeitwa kwenye usaili, na nafasi ile ingekwenda kwa mwingine mwenye uzoefu huo.

Je, utafungwa basi? Siwezi kukuahidi, na ukimpata wakili anayekuahidi, ondoka ofisini mwake. Maoni yangu ni kwamba kwa mtu mwenye vyeti halali, leseni halali na uongo wa miezi kwenye barua ya kazi, kifungo si mwisho unaotarajiwa sana kama mambo hayatazidishwa kuanzia sasa. Mahakama zetu zina njia za kati. Kifungu cha 35 cha Kanuni ya Adhabu kinamruhusu hakimu kumwachilia mkosaji kwa masharti au bila masharti akiona adhabu haifai. Kuna makubaliano ya kukiri kosa kati ya mshtakiwa na upande wa mashtaka. Lakini njia hizo hufunguka kwa aliyesimama mahali pamoja. Hujifunga kwa aliyeendelea kuongeza uongo juu ya uongo. Na usitegemee kwamba miaka imepita. Makosa haya hayana muda wa mwisho wa kushtakiwa kama madai ya kawaida yalivyo.

Mishahara sasa. Hofu yako ya kudaiwa ina msingi. Mwezi Oktoba 2022 Tume ya Utumishi wa Umma iliagiza taasisi za serikali zihakiki vyeti vya walioajiriwa katika miaka 10 iliyotangulia, na matokeo yaliyotangazwa Februari 2024 yalitaja vyeti vya kughushi zaidi ya 2,000. Tangu hapo EACC imekuwa ikiwafuata watu mahakamani kudai warudishe mishahara na marupurupu yote. Hoja yao ni kwamba mshahara ni mali ya umma, na aliyeupata kwa hila aliupata kinyume cha sheria tangu siku ya kwanza. Utetezi ambao kila mtu huukimbilia ni “lakini nilifanya kazi, nilizalisha akina mama, nilichanja watoto”. Kibinadamu una nguvu. Kisheria haujawafaa waliokutwa na vyeti bandia, kwa kuwa mahakama zimesema asiyestahili kuwa kazini hawezi kudai ujira wa kazi hiyo. Na anayetiwa hatiani chini ya sheria ya ufisadi hupata faini ya hadi shilingi milioni 1 au kifungo cha hadi miaka 10, au vyote, na juu yake faini ya lazima iliyo mara mbili ya faida aliyopata. Piga hesabu ya mishahara yako tangu 2021 mara mbili, utaelewa kwa nini nasisitiza jambo hili lisifike huko.

Tofauti yako na watu hao ni kubwa, na nataka uishike. Wao hawakuwa na sifa za kazi. Wewe ni muuguzi uliyefuzu na kusajiliwa. Kaunti ilipata muuguzi, haikupata mtu aliyejivika koti la muuguzi. Kwa hiyo dai la kurudisha kila senti lina udhaifu wa kweli likielekezwa kwako, ingawa halijafa.

Hapa kuna jambo ambalo hukulisema, nami nataka ulifikirie kwa makini: ile miezi minane ndiyo kazi yote uliyofanya baada ya kufuzu? Wauguzi wengi vijana hujitolea bila malipo, hushiriki kampeni za chanjo, hukaa wadini miezi mingi wakisubiri ajira. Kama una huduma ya namna hiyo ya kweli, yenye mtu wa kuithibitisha, ikusanye. Haitaisafisha barua ya uongo, lakini inaweza kupunguza pengo kati ya kilichoandikwa na kilichokuwepo. Nami naona matangazo yanayodai miaka miwili kwa kazi ya ngazi ya kwanza yanawasukuma vijana kwenye ukuta: uzoefu unatakiwa, na wa kukupa huo uzoefu hayupo. Bodi zetu za kaunti zinapaswa kulitazama hili. Ni malalamiko halali, ila hayatasimama kama utetezi.

Leseni yako iko salama kuliko unavyodhani. Baraza la Wauguzi lilikusajili kwa sababu ya mafunzo na mtihani, na huko hukudanganya. Anayepata usajili au leseni kwa hila huangukia kifungu cha 320 cha Kanuni ya Adhabu, kinachobeba hadi mwaka 1 jela, pamoja na kufutwa kwenye sajili. Leseni yenyewe inakuwa imesimama juu ya uongo. Ni vivyo hivyo kwa nahodha wa Lamu anayejaza fomu ya Mamlaka ya Bahari ya Kenya na kudai ana saa za baharini asizokuwa nazo. Lako ni la ajira. Baraza linaweza kuhoji mwenendo wako ikiwa kesi itafika mbali, na lazima likusikilize kabla ya kuamua. Hatari yako ya kweli huko iko mbele: fomu ya kuhuisha leseni ikikuuliza kama umewahi kutiwa hatiani, jibu ukweli wa 2020, kwa sentensi mbili, bila kujieleza sana.

Mama anasema ujiuzulu. Naelewa mzazi anayetaka mwanawe avuke aje nyumbani kabla wimbi halijampiga. Kujiuzulu kunaweza kupunguza hasara inayoendelea, na wakati mwingine mwajiri hulifunga faili. Lakini hakufuti kosa, hakuzuii dai la fedha, na kukifanywa wiki ya uhakiki husomeka kama kukimbia. Pia unaacha ulinzi ulio nao kama mwajiriwa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 41, inamlazimu mwajiri kukueleza tuhuma kwa lugha unayoielewa na kukusikiliza ukiwa na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama, hata pale anapotaka kukufukuza mara moja. Uongo kwenye maombi ya kazi unaweza kuwa sababu halali ya kukuachisha hata baada ya miaka, ila utaratibu usipofuatwa unaweza kwenda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo ina kituo hapa Malindi. Ukijiuzulu leo, hayo yote umeyaacha mezani.

Kukaa kimya na kupeleka barua ileile tena ndiko watu wengi watakakokuchagulia. Mimi nakukataza. Yaliyofanyika 2021 yamefanyika. Kuiwasilisha tena ni kutenda upya, kwa akili timamu, mbele ya maofisa wanaouliza waziwazi kama ni ya kweli. Kupeleka vyeti vyako halali na kuiacha barua ile nje ni afadhali, ingawa pengo litaulizwa na itakubidi uwe na jibu.

Njia ninayoiona bora ni kusahihisha mwenyewe, kwa maandishi, kupitia kwa wakili, kabla mwenye kliniki hajapigiwa simu na wahakiki. Sina budi kukueleza ubaya wake pia. Hakuna msamaha wa moja kwa moja kwa anayejitokeza, na maandishi yako yanaweza kutumika dhidi yako. Katiba inakupa haki ya kutojitia hatiani, na ukiandika peke yako usiku kwa machozi utakuwa umeitupa haki hiyo bila kupata chochote. Ndiyo sababu nasema kupitia kwa wakili: yeye atapima kiasi cha kusema, kwa nani na kwa maneno gani. Jambo likiwa limefika EACC, sheria yao ina vifungu viwili vinavyofaa kujadiliwa. Kifungu cha 25A kinaiwezesha tume kuahidi kwa maandishi kutomshtaki aliyefichua yote na kurudisha alichopata, na cha 56B kinaruhusu suluhu nje ya mahakama. Hivyo ni hiari yao, si haki yako, na huombwa mapema.

Lazima umwone wakili ana kwa ana, na iwe kabla ya tarehe ya kupeleka karatasi. Ukipata barua ya kutakiwa kujieleza, simu kutoka kwa mpelelezi, au wito wa kuandika taarifa, usiende peke yako na usitie sahihi chochote siku hiyo hata ukiambiwa ni “ya kawaida tu”. Hapa Malindi mawakili wako wa kutosha. Hakikisha unayemchagua ana cheti cha mwaka huu cha kufanya kazi, jambo unaloweza kulithibitisha kwa Chama cha Mawakili cha Kenya. Kama ada ni tatizo, uliza Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, na kama wewe ni mwanachama wa chama cha wauguzi, waulize pia. Mweleze wakili kila kitu, kafyu, barua, na ushauri wa shemeji. Kifungu cha 134 cha Sheria ya Ushahidi kinailinda siri hiyo. Hakilindi mazungumzo ya kupanga kosa jipya, kwa hiyo usimwombe wakili yeyote akutengenezee daftari.

Ukienda, beba nakala ya tangazo la 2021 kama bado unayo, fomu uliyojaza, barua ya kliniki, barua yako ya ajira, risiti ya faini ya mahakama, na ilani ya uhakiki. Risiti ikiwa imepotea, wakili anaweza kuomba kumbukumbu za kesi kwenye sajili ya mahakama uliyopelekwa. Andika pia kwa mkono wako, kwenye karatasi isiyoondoka mikononi mwako hadi ofisini mwake, tarehe ya kweli uliyoanza kliniki na tarehe ya kweli uliyoondoka.